Mimbari Iliyokunywa Dawa

Kabuta, 18 Aprili 1955

Baba Chisenga,

Nakusalimu wewe na wote wa karakana huko ng'ambo ya ziwa. Sisi wazima, mama mukwe tu ana kidonda mguuni, mke wangu Eness anamuosha.

Mimbari ilifika kanisani kabla ya Pasaka. Mbele nimechonga samaki wanne. Rangi ya kahawia imeingia vizuri, na kila unyuzi wa mti unaonekana, mpaka ndani ya magamba. Mchungaji alipitisha kidole akasema, "Huyu alifunzwa." Nikakutaja.

Mutoto wako,
Jairos

Kilwa, Kongo, 6 Mei 1955

Jairos mutoto wangu,

Salamu. Mgongo unauma, lakini siusikilizi sana. Mpe pole mama mukwe.

Wachuuzi wa samaki wamevuka wakiisifu mimbari. Nilifurahi, kisha nikahesabu siku za kupaka rangi. Unga wa mti wa mulombwa huchemshwa, hupakwa mwembamba mara saba, kwa siku saba, na kila mara unapangusa kabla haujafunika nyuzi. Ukiharakisha, umepaka matope. Tena hutoa wekundu. Kahawia umeitoa wapi?

Baba yako,
Chisenga

Kabuta, 29 Mei 1955

Baba,

Salamu. Mimi mzima, na hilo halinifurahishi.

Nilibaki na siku mbili tu kabla ya kuipeleka mimbari. Nilijaribu mulombwa mzito kwenye kipande cha ubao, nyuzi zikapotea. Nyumbani kulikuwa na dawa ya mama mukwe kutoka dispensari, zile chembe nyeusi zinazogeuza maji zambarau. Nilikuwa nimeona vidole vya Eness vimekuwa kahawia kwa kumuosha. Nikachukua zote. Ndani ya karatasi ya dawa nikaweka unga wa mulombwa. Maji yakawa mekundu. Eness alifikiri dispensari imebadilisha dawa.

Basi mbao imekunywa dawa, na kidonda kinapakwa rangi ya mbao. Mguu umevimba. Jumapili mama anabebwa kanisani, anaketi karibu na mimbari, anamwambia kila mutu kwamba ni kazi ya mukwe wake.

Kumwambia siwezi. Unajua kwetu mwanaume hasemi na mama mukwe. Hata njiani namkwepa, naingia majanini. Mila hii imenifaa sana mwezi huu.

Mutoto wako,
Jairos

Kilwa, 9 Juni 1955

Jairos,

Salamu nitaandika siku nyingine. Mke unaye. Mwambie yeye, kabla hujakunja barua hii. Na huyo mama afike dispensari.

Baba yako,
Chisenga

Kabuta, 30 Juni 1955

Baba,

Salamu, na mgongo upate nafuu.

Nilimwambia Eness. Hakulia. Alikwenda kwa mama yake. Nyuma ya ukuta wa matete nilisikia sauti moja tu, ya Eness. Akarudi akasema, "Mama anataka ulete baisikeli."

Nilimbeba nyuma, pale panapokaa kikapu cha samaki. Mukwe na mama mukwe, mchana, mbele ya soko zima. Alishika shati langu. Wengine walicheka, wenye heshima wakageuza uso.

Mganga wa dispensari alisema kidole kimoja kitakatwa, mguu utabaki. Kisha akauliza kwa ukali dawa yote aliyompa ilikwenda wapi.

Mama mukwe akajibu, "Nilimwaga mimi mwenyewe."

Mganga akamgombeza kama mutoto, habari za uzembe wa wazee. Yeye akainamisha kichwa, akasema ndiyo, ndiyo.

Mimi nilikuwa mlangoni, Baba, nimeshika baisikeli isianguke. Ilikuwa imeegemea ukuta.

Jairos