Sahani Moja na Rubani

Kwa kaka yangu Ambakisye, Bujonde.

Ugonile, kaka. Mwili wangu ni mzima, ila kichwa hakijatulia, ndiyo sababu barua hii naileta kwako na si kwa baba. Goti la mama limepoa? Mpunga wa bondeni umeshika, au maji yameupita tena? Huku kaskazini ya Kenya sijaona mvua tangu tushuke kwenye lori. Ni miiba na upepo unaotia mchanga hadi kwenye chai.

Nilikuandikia kwamba nimepewa kazi ya kumtunza rubani mmoja, Bwana Piti. Nilikuwa namfulia, namnyooshea nguo, namletea chai kabla hajaruka. Ni kijana tu, kaka, rika la mdogo wetu wa mwisho. Amezaliwa shambani huku huku Kenya, kwa hiyo Kiswahili anakijua, kile cha kuamrisha wapishi. Ndege yake ina mabawa mawili, moja juu ya jingine, na kiti kimoja, basi akiwa angani yuko peke yake na bunduki zake. Kila asubuhi alikuwa anatapika nyuma ya hema, anasukutua, halafu anawaendea wenzake akipiga mluzi. Wao walimwona simba. Aliyefukia matapishi ni mimi.

Mwezi uliopita aliangusha ndege ya Mtaliano. Wenzake wakambeba mabegani, wakamnywesha. Aliporudi hemani akakaa kitandani na buti zake, akaniambia kwamba aliuona uso wa yule mtu.

"Alinitazama kama mtu anayeuliza njia," akasema. Kisha akaniuliza, "Kwenu mtu akiua vitani, mnamfanyaje?"

Nami bila kufikiri nikamweleza aliyotusimulia babu: aliyeua haruhusiwi kula chungu kimoja na wenzake mpaka wazee wamtengeneze kwa dawa, la sivyo akili inamruka, na anayekula naye kabla ya dawa hujitia katika balaa hilo hilo. Nilisimulia kama tunavyosimulia nyumbani, mtu anasikia anaendelea na shughuli zake. Kumbe mwenzangu ameyashika.

Kesho yake hakwenda kwenye meza ya marubani. Akaagiza chakula hemani, na hicho chakula nikawa nakirudisha jikoni karibu chote. Wakubwa wakasema ana homa. Nikamwambia, "Bwana, hayo ni mambo ya zamani. Sisi ni Wakristo, baba yangu ni mzee wa kanisa."

"Basi nipe dawa, Asajile. Wewe unaijua."

Siijui, kaka. Hata babu hakututajia mti wenyewe. Ningechuma jani lolote la huku ningekuwa mwongo, na pengine ningemlisha sumu.

Ikafika siku nimemletea wali na nyama ya kopo, akausukuma. Alitakiwa kuruka kesho yake asubuhi, na suruali niliyomnyooshea ilikuwa ikimshuka kiunoni. Nikaona huyu ataanguka bila hata kupigwa risasi. Nikanawa, nikakaa chini, nikamwambia, "Karibu tule." Akashuka kitandani. Tukala sahani moja, kwa mikono, mimi na Mzungu. Alikula kama mtu aliyetoka kulima. Ofisa mmoja akafunua hema, akatukuta vidole vimejaa wali, na matusi niliyotukanwa siwezi kuyaandika. Nimeondolewa kwa Bwana Piti, sasa nasukuma mapipa ya petroli.

Yeye amepona. Anayemfulia siku hizi ananiambia anakula na wenzake, anacheka, wala hatapiki tena. Tangu hapo ameangusha ndege nyingine mbili, na habari ya nyuso hajaitaja. Juzi alipita kwenye mapipa akanipungia mkono, akapanda kwenye ndege yake. Nilifurahi, halafu nikaona vibaya kwamba nimefurahi. Sijui nimemponya au nimemharibu. Pengine kule kutapika ndiko kulikokuwa uzima wake, nami nimemwondolea.

Na mimi je? Mchungaji akisikia atasema nimerudia imani ya zamani. Babu angekuwepo angesema nimekula na aliyeua kabla hajatengenezwa. Mmoja akiwa sahihi mwingine amekosea, lakini mimi naona nina kosa kwa wote wawili. Sijaua mtu, kaka. Hata hivyo nikikaa na watu wa kwetu tunaokula pamoja hapa, najifanya nina kazi mpaka wamalize, halafu nakwangua sufuria peke yangu. Wao wanadhani naringa. Naogopa, na sijui ninachokiogopa.

Wameniahidi likizo mpunga wa huko ukivunwa. Nisalimie mama, na baba, lakini yeye msomee habari ya mvua tu. Shemeji mwambie ndaga fijo kwa kunilelea wanangu. Shangazi wa ufukweni, yule mfinyanzi, mwambie nimemkumbuka. Mke wangu mwambie kitambaa nimempatia, na haya mengine nitamweleza mwenyewe, nikishajua nitaanzia wapi.

Jibu kabla sijapanda lori. Siku nitakayofika, wewe na wenzetu wa rika mkiketi kula, utanisogezea nafasi? Kama huwezi, niandikie sasa, nisije nikanawa mikono mbele ya watu.

Ni mimi mdogo wako,
Asajile