Majina ya Waliomwosha Mama Mudogo Élise

Butembo, Jumatatu

Kaka Phinées,

Maharagwe yamepanda bei, duka langu linatembea vizuri. Lakini nina hasira nawe. Ulipoketi kwangu kuuliza nani walimwosha marehemu mama mudogo Élise, ulisema kazi yako ya antropolojia ni kujua mila, ili maziko ya timu yenu ya Ebola yasituumize. Nikakupa majina saba. Kesho yake gari la Ebola lilifika kwao wote. Sasa sokoni bamama wananiuliza, «Kyakimwa, ulituuza bei gani?»

Kaka, tuliomwosha tulikuwa wanane. Jina langu nililificha, maana kufuatiliwa siku ishirini na moja, kuangaliwa kama nitaugua, kungefunga duka. Leo ni siku ya tisa tangu tumwoshe, na nina homa tangu jana. Leta hilo gari, hata majirani wakilipiga mawe. Bénite wangu, wa miaka mitatu, bado analala kitandani kwangu.

Dada yako,
Kyakimwa