Koplo Aliyepima Njia ya Josho

Baba yangu,

Unaikumbuka ile Jumapili uliyoleta majalada ya kituo cha polisi nyumbani, ukayatandaza sakafuni mpaka mama akakosa pa kupita na sufuria la makande? Nilikuwa darasa la saba. Ulinifanya nikusomee moja baada ya jingine: mahindi yameliwa, mfugaji amepigwa rungu, mkulima amechomwa mkuki pajani. Kila jalada lilikuwa na namba na muhuri wake, safi kabisa. Wewe ulitaka siku tu. Jumatano. Jumatano. Jumatano tena.

“Mama,” ukaniambia, kama ulivyozoea kuniita, “haya yote ni ugomvi mmoja. Jumatano ni siku ya josho.”

Miaka yote ile mlikamata, mkaandika, mkafunga jalada, na wiki ifuatayo ng’ombe wakapita tena katikati ya mashamba ya Ganako, maana njia nyingine ya kwenda kuogeshwa haikuwepo. Basi wewe, mbishi usiyeshikika, ukaacha kung’arisha vifungo ukawakalisha wazee wa Kiiraqw na wa Kimaasai siku tatu. Mkabishana hatua kwa hatua hadi njia ikapimwa na kupandwa ua wa minyaa pande zote mbili. Siku ya mwisho wazee wakashika majani mabichi mkononi kuonyesha kwamba yamekwisha, na baada ya hapo hakuna aliyethubutu kung’oa mnyaa hata mmoja.

Halafu akaja mkaguzi kutoka mjini. Akafungua kitabu cha matukio, akakuta kurasa nyeupe. Kwake yeye, kituo kisicho na kesi ni kituo kilicholala, na buti zako zilikuwa na vumbi pia. Usajenti ukakupita, akapewa mwenzako mwenye kitabu kilichojaa. Nami, Mungu anisamehe, nilikuona mjinga. Nilikununia wiki nzima kwa sababu nilitaka kuitwa mtoto wa sajenti. Wewe ukasema hakuna aliyezikwa msimu ule, ukaomba chumvi, ukaendelea kula.

Sasa nami navaa magwanda hayo hayo, hapa hapa Karatu. Mwezi huu wakubwa wametutaka tuandike mapendekezo ya kuboresha kazi ya polisi. Wenzangu wameandika magodoro, madaftari, likizo na vyeo. Sio vibaya, paa letu linavuja kweli. Lakini mimi nimeanza na vibarua wa mashambani, wale waliotoka Singida na Dodoma, wanaopigwa na kuporwa kwenye korongo lile lile kila wakitoka kazini, na sisi tunafungua jalada jipya kila mara. Nikaandika: vichaka vifyekwe, kivuko kijengwe, askari asimame pale saa za kutoka kazini. Paa lisubiri.

Mkuu wangu akaniita. Sio mtu mbaya. Akanishauri niutoe ukurasa ule, kwa kuwa jina langu limo kwenye orodha ya usajenti na walio juu hawapendi kufundishwa kazi na koplo.

Sikuutoa. Ukurasa umeondoka jana na gari la Arusha, na sina wasiwasi hata kidogo. Niko sahihi, baba, na aliyenifundisha ninamjua. Kesho naenda korongoni na vibarua wenyewe, tumekubaliana kila mtu aje na panga, tuanze kufyeka vichaka.

Pumzika, baba. Nilikuonea aibu kwamba umekufa koplo. Huenda nami nikafa koplo, na jana nimelala usingizi mzuri sana.

Ni mimi binti yako, yule aliyekununia.