Baba Mmoja, Karatasi Mbili

Maine, 20 Novemba 2022

Mdogo wangu Subodh,

Hujambo? Baba na mama wazima? Kikohozi cha baba je, au bado anajifungia karakanani na moshi wake? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku imeanza kunitafuna masikio.

Umeniuliza habari za chuo, basi nisikilize vizuri. Mwaka niliokubaliwa mimi, walisoma alama na insha zangu bila kutazama mfuko wa baba. Waliponitaka ndipo wakauliza tuna nini, wakaona hatuna, wakalipa. Sasa wamebadilisha kwa sisi wageni. Mgeni akiomba msaada wa ada, wanalipima hilo kabla ya kumkubali, na nafasi ni chache mno. Hata hivyo omba. Andika ukweli, kwamba baba anafua mitungi ya shaba kwetu Patan na watu siku hizi wananunua ya plastiki. Ukikosa hapa tutajaribu kwingine.

Nijibu kwa barua pepe, na usinijibu kwa neno moja kama kawaida yako.

Dada yako,
Nirjala

Patan, 6 Januari 2023

Shikamoo dada,

Sawa.

Hilo ndilo neno moja. Sasa naongeza mengine usije ukanipigia kelele. Huku wote wazima. Mama ameona picha yako anasema umekonda. Nimemwambia ndani ya koti lile hata nyati angeonekana amekonda.

Maombi nimeshapeleka. Insha yangu inahusu ule mwaka gari la mungu, lile tunalolivuta kwa kamba siku ya sikukuu, lilipokwama mtaani kwetu, wazee wakalia na sisi watoto tukafurahi kukosa shule. Mwalimu wangu amecheka, nadhani ni dalili njema. Mambo ya pesa niachie mimi. Nimepata mtu wa kunielekeza pale mtaa wa Putalisadak, dalali wa vyuo, amepeleka vijana wengi Australia.

Nataka sana kuja huko, dada. Nikikusikia kwenye simu naona kama wewe umeingia chumba ambacho mimi nimebaki mlangoni mwake.

Mdogo wako,
Subodh

Patan, 29 Machi 2023

Shikamoo dada,

Nimekubaliwa! Mama ameenda hekaluni na sinia zima la maua, na baba mdogo Hiranya amenunua peremende za mtaa mzima. Baba amenishika kichwa tu, akarudi kazini, lakini nilimwona akijifuta macho kwa mkono wenye masizi.

Sasa nikuambie jambo na usinitukane. Sikuomba msaada. Yule dalali alisema mgeni anayeomba hapiti. Kwa hiyo tulifanya kama wanavyofanya wote wanaotafuta viza: baba mdogo aliingiza pesa zake kwenye akaunti ya baba, benki ikatuandikia barua ya salio, kisha akazitoa. Baba alitia sahihi tu, hakujua ni ya nini. Hapa hakuna anayeuona huo kuwa uongo, unajua mwenyewe. Nikishaingia ndiyo nitaomba msaada. Wewe si wanakulipia? Watanikatalia mimi?

Niandalie godoro.

Mdogo wako,
Subodh

Maine, 12 Aprili 2023

Subodh,

Natumaini mko salama. Mimi si salama.

Jana niliitwa ofisi ya misaada. Yule mama anayeshughulikia faili langu, ambaye huniuliza habari za mama kila tukikutana, aliweka karatasi mbili mezani. Moja ni yangu, baba mfua shaba asiye na akiba. Nyingine ni yako, baba yuleyule, mwaka uleule, ana pesa za kulipa miaka yote minne. Akaniuliza kwa sauti ya chini ipi ni ya kweli. Msaada wangu wa mwaka ujao umesimamishwa mpaka lijulikane.

Ulifikiri nini, wewe? Aliyeingia kwa kusema ana uwezo hapewi msaada akishafika. Hata wasingegundua, ungekuja kulala wapi na kula nini? Nimekasirika, na nakuonea huruma, yote kwa pamoja.

Usimwambie baba, usimpigie mtu simu, usifanye chochote. Ngoja nifikirie. Tutatafuta njia ya sisi wawili.

Dada yako,
Nirjala

Patan, 20 Aprili 2023

Dada,

Shikamoo. Huku wazima.

Nilikaa na barua yako, usingizi ukakataa. Nikaona hakuna njia ya sisi wawili. Mmoja wetu lazima atoke, na aliyekosea ni mimi. Nikamwambia baba. Hakunipiga. Alikaa na mtungi magotini bila kuufua.

Kisha nikawapigia simu chuoni. Nilifanya mazoezi ya Kiingereza kwanza ili sauti isitetemeke. Nikasema ile barua ya benki haikuwa ya kweli, dada yangu hakujua lolote, nafasi yangu naiacha. Aliyepokea ni yule mama wa ofisi ya misaada. Akasema, "Asante, kijana wangu, lakini dada yako alishatuandikia hivyohivyo. Hakukuambia?"

Nikamwuliza lini. Akanitajia tarehe. Ni siku ileile uliyoniandikia mimi ningoje ufikirie.

Jina langu walikuwa wameshalifuta, dada. Nilipiga simu kutoa kitu ambacho wewe ulishakitoa. Usinielewe vibaya, uliyowaandikia ni kweli tupu. Nimeumia kwa sababu ungeniuliza tu, ningekupa.

Subodh

Maine, 21 Aprili 2023

Mdogo wangu,

Sijui nikusalimu vipi.

Walinitaka jibu kesho yake kabla ofisi haijafungwa. Niliogopa. Nikajiona nimerudi nyumbani na begi langu, majirani wakinichungulia, na ninyi wote mmekosa kila kitu kwa sababu yangu. Nikaandika kwao kwanza, kisha nikakuandikia wewe, na nikashindwa kukuambia. Nilitaka unipende siku chache zaidi kabla hujajua.

Ungenipa, najua. Ndilo linalonikosesha raha. Nisamehe, Subodh. Nijibu hata kwa neno moja.

Dada yako,
Nirjala

Maine, 6 Novemba 2023

Mdogo wangu,

Hujambo? Baridi ya Poland je? Mama ndiye aliyenipa habari zako, akaniambia unafanya kazi kiwanda cha kuku na unalala na wenzako chumba kimoja. Barua zangu zote za kiangazi hukujibu, na sikulaumu.

Wiki ijayo ni Kija Puja, siku yetu ya dada kumwombea ndugu yake. Sijawahi kukaa siku hiyo bila ndugu yangu mbele yangu, hata kama ni kwenye simu. Washa simu tu, nikuone uso. Usipotaka kusema, usiseme. Na uniambie kama umenisamehe au bado.

Dada yako,
Nirjala

Poznań, 19 Novemba 2023

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima. Baridi ni kali lakini glavu tunapewa.

Siku ya Kija Puja simu niliiona ikiita. Kuna dada mmoja wa kwetu, wa Chitwan, tunayefanya naye kazi, kaka zake wako mbali. Alichora mandala, ile duara ya ibada, sakafuni kwa unga wa kiwandani, akamwaga mafuta kunizunguka, akanipaka tika ya rangi kwenye paji la uso, akanivunjia kokwa la jozi mlangoni. Aliniombea maisha marefu. Nilimwita dada, nikalia, naye hakuniuliza kwa nini.

Umeuliza kama nimekusamehe. Nimekusamehe, tangu zamani. Soma umalize, baba anakungoja. Ila habari zangu, kuanzia sasa, muulize mama.

Mdogo wako,
Subodh