Tairi Zilizopakwa Rangi ya Viatu

Ijumaa, Kahororo

Nimekereka mno. Nilimwambia mume wangu, Novati, anunue tairi mpya, kwa jua na mvua za huku. Yeye akaleta za mtumba, eti mtumba wa Mjapani ni bora kuliko mpya ya Mchina. Na kweli zilikuwa zinang'aa.

Leo tulikuwa tunarudi kutoka Izigo kumchukua mama yake, mvua ikatukuta njiani. Kwenye kona gari likateleza, likaingia kwenye migomba ya watu. Tuliposhuka, weusi wa tairi ulikuwa unachuruzika kama wino. Chini yake mpira umepasukapasuka kwa jua, tena kipara kabisa. Kumbe muuzaji alizipaka rangi ya viatu!

"Maawe! Mwanangu, hizi ndizo ulizotuwekea?" mama mkwe akauliza.

Novati akamlaani muuzaji njia nzima. Mwizi. Muuaji. Hana Mungu.

Jioni natoka kuanua nguo, namkuta amechuchumaa na brashi, anazipaka tairi zilezile rangi ya viatu. Kesho gari letu ndilo la bibi harusi, binti wa dada yake. Hataki watu wa Muleba, upande wa bwana harusi, wamcheke.

Kinyaa tu.

Funguo za gari nimezilalia. Bibi harusi akapande hata bajaji.