Aliyelijua Jina la Jerop

Fadumo, uko? Nimetoka kwa Viola sasa hivi, hapa kijijini Kwanza.

Si unajua mtoto wake alifariki jana, akiwa na siku tisa tu. Leo asubuhi, kabla hata watu wa kanisa hawajafika, mwanamume anabisha hodi. Suti, faili kwapani. Ati anaitwa Masika, ametoka Bungoma, kazi yake ni kushauri familia zinazozika watoto wachanga.

Viola akamwangalia tu. Nani alimwambia kuna msiba hapa?

Halafu jamaa akasema, "Pole sana kwa Jerop."

Jerop! Bana, hilo jina Viola alimnong'onezea mumewe peke yake, wodini. Hospitali wameandika "mtoto wa Viola". Hata mimi sikulijua!

Viola akasimama mlangoni, akamzibia njia. "Nani amekuuzia jina la mtoto wangu? Nesi? Mtu wa mochari?"

Jamaa akabana faili kwapani.

"Nimekuuliza, nani?"

Jamaa anaangalia viatu vyake.

Viola ameshachukua simu amwite chifu, ndipo Kipyegon, mumewe, akasema kwa sauti ndogo, "Ni mimi."

Ati nini?

"Ni mimi nilimpigia. Sikujua mtu huanzia wapi. Na sikuweza kukuuliza wewe."

Fadumo wee! Viola akaweka simu chini, akakaa karibu na mumewe. Bado amemkazia Masika macho, akamwambia:

"Nataka kumvalisha Jerop mwenyewe. Inakubalika?"

"Inakubalika, mama. Tutakungoja mpaka umalize."