Kiranja wa Darasa la Jioni

Jumatatu, 4 Machi

Siku ya kwanza imekwisha na sauti imenikauka. Watu wazima, jioni, kwenye madawati ya watoto wa shule ya msingi — magoti juu, migongo imepinda. Karibu wote wanatoka kwenye lile jengo linalojengwa nyuma ya soko. Wabeba zege, wafunga nondo, na nyapara wao. Ndiyo, nyapara mwenyewe! Naye hajui kusoma.

Huyo ndiye atakayeniua. Ana umri wa baba yangu, na mdomo wake haufungi. Nikigeukia ubao anatupa neno, darasa zima linaangua kicheko. Akaniuliza mbele ya watu kama nimeolewa. Nikasema tufungue ukurasa wa pili.

Jumatano, 6 Machi

Leo nimemwita ubaoni makusudi. Nilitaka akome. Alikwama kwenye neno la pili, akalikodolea macho weee, mpaka mama mmoja mbeba zege akalisoma kutoka nyuma, pamoja na sentensi nzima iliyofuata. Wanamwita Chekacheka. Kicheko! Nyapara naye alicheka, akajipiga kofi kwenye paji la uso. Eti basi kesho yeye ndiye abebe zege, Chekacheka asimamie. Watu wakagonga madawati.

Mimi nimeudhika. Hili si darasa, ni kijiwe.

Baada ya kipindi Chekacheka alinifuata. Mwisho wa mwezi kutakuwa na mtihani wa kusoma kwa wanaotaka kazi ya stoo pale kwenye jengo. Anaitaka kwa udi na uvumba. Mgongo umechoka, mwalimu, akasema, halafu akacheka. Anasoma vizuri kweli. Akiacha kucheka atafika.

Ijumaa, 8 Machi

Nilikwenda kulia kwa mratibu wa madarasa haya ya watu wazima. Akanikumbusha semina yetu ya walimu wapya: mtu mzima ukigombana naye umeshashindwa. Mkorofi mpe madaraka. Mfanye kiranja, binti, utaona.

Nimemfanya. Nyapara alisimama, akanyoosha shati, akawageukia watu wake. "Mmesikia?"

Kimya. Kimya cha kweli! Nilisikia chaki yangu ikikwaruza ubao. Nimerudi nyumbani nikiimba, dada akaniuliza kama nimepata mchumba.

Jumatatu, 11 Machi

Kimya tena. Nyapara amekigeuza kiti chake, anawatazama wao, si ubao. Mwenye swali anamnyooshea mkono yeye, naye ananiambia, "Mwalimu, huyu." Raha iliyoje! Tumekwenda mbio.

Ila mikono imepungua. Nikiuliza, wanaangalia vidole vyao. Uchovu wa kazi, nadhani. Chekacheka alisoma aya nzima bila kukwama, kisha kijana mmoja mfunga nondo naye akasoma yake. Niliwapigia makofi. Nilipiga peke yangu.

Jumatano, 13 Machi

Mratibu alikuja kukagua. Kafurahi mno! Darasa la mfano, amesema, na Jumatatu atawaleta walimu wapya wengine waje kujifunza kwangu. Kwangu! Nyapara alimsindikiza hadi mlangoni utadhani shule ni yake.

Chekacheka hakuja. Yule mfunga nondo naye hakuja. Nilipouliza, Nyapara alijibu kwamba watu wana shughuli zao. Wengine wote walikuwa wameinamia madaftari.

Jumamosi, 16 Machi

Nimemkuta Chekacheka bombani, anafua nguo za watu. Hakucheka. Nilianza kumsema — mtihani umekaribia, unapoteza nafasi, mtu mzima na akili zako. Aliendelea kusugua. Alipomaliza kola ndipo akanieleza, taratibu.

Kila asubuhi vibarua wanasimama getini. Nyapara ananyoosha kidole: wewe, wewe, wewe. Asiyenyooshewa anarudi nyumbani. Siku ile aliyomcheka ubaoni, kesho yake alichaguliwa kama kawaida. Mle darasani tulikuwa sawa, akasema, hata yeye alijua ni utani. Lakini tangu awe kiranja hataki kuzidiwa na kibarua wake. Ukijibu jioni, asubuhi kidole kinakuruka. Hakuna aliyetangaza. Wameona wenyewe.

"Kumbe hukujua, mwalimu?"

Sikujua! Ningejuaje? Kilikuwepo chumba kimoja tu ambamo yule mtu hakuwa nyapara wao, na mimi nikamkabidhi. Nikapiga na makofi. Najichukia, jamani.

Nikamwambia Jumatatu namvua Nyapara ukiranja, yeye arudi darasani. Akasema nikimvua atatoka, akitoka watamfuata wote, maana Jumanne asubuhi watasimama tena getini. Sasa nitamfundisha nani? Nikasema hata akibaki yeye peke yake nitamfundisha. Aliniangalia. Halafu akakamua shati, akachukua jingine.

Jumapili, 17 Machi

Nimempigia mratibu. Amesema nisiguse kitu kinachofanya kazi, hasa kesho kuna wageni. Nikamweleza habari ya getini. Mambo ya getini hayatuhusu, akasema, na simu ikakatwa. Nimelia. Shemeji, mume wa dada, akasema nikomae, kazi ni kazi. Kwake rahisi.

Jumatatu, 18 Machi

Naandika haya ofisini, mlango wa pili kutoka darasani. Nimewaacha wananakili. Nimesema nafuata chaki.

Nilifanya! Mbele ya mratibu na wageni wake waliokaa nyuma. Nikasema, kuanzia leo hatuna kiranja, asante sana baba, umenisaidia. Nyapara akatabasamu. "Sawa, mwalimu." Basi. Hakutoka, hakugomba. Hata kiti hakukigeuza kielekee ubao.

Nikaandika sentensi. Nani atatusomea? Hakuna. Wote walimtazama yeye. Alikuwa anajikuna kidevu tu. Nikauliza tena. Mfunga nondo alikuwepo, midomo inacheza, anaisoma kimoyomoyo, namwona kabisa! Mkono haukupanda. Nyuma huko mratibu anawanong'oneza wageni: mnaona utulivu?

Ndipo nikasikia hodi. Chekacheka! Daftari kifuani, kitambaa safi kichwani. Nusura nimkimbilie. Karibu, nikasema, ingia, ingia, kaa hapa mbele.

Hakuingia. Wala hakunitazama.

"Naomba kuingia, Nyapara."

Nikasema wanakili, nikatoka. Chaki ninayo mkononi, imevunjika. Kutoka hapa naona kisigino cha kandambili yake. Bado amesimama. Kule ndani hakuna anayekohoa, na Nyapara hajamjibu.